Korasi Nyuma ya Pazia

Mtu anayevaa koti la ngozi mtaani Mjambere, jua la saa saba likiwaka, ni mtu wa kuuziwa chochote. Hivyo ndivyo alivyowaza Tinga, naye hakuwa na desturi ya kuwaza mara mbili. Aliuza redio kuukuu, maikrofoni na magitaa yaliyopita mikono mingi, na kila kitu dukani mwake kilikuwa na historia ndefu aliyoitunga mwenyewe asubuhi ile.

Mwenye koti aliitwa Fidel, mkazi wa Kiembeni, mpiga gitaa wa bendi ya metali, ule muziki wa magitaa ya kunguruma. Fulana yake ilichorwa fuvu la kichwa, na fuvu lenyewe lilikuwa limelowa jasho.

"Natafuta korasi," akasema. "Si hizi za dijitali, hizo ni safi mpaka zinaboesha. Nataka ile ya kizamani. Gitaa iingie polepole, sauti iyumbe na baridi yake, ndio baadaye tuwashe moto."

Korasi, kwa asiyejua, ni kisanduku cha kukanyagwa kwa mguu, ambacho huchukua sauti ya gitaa moja na kuifanya isikike kama magitaa mawili yanayochelewana kidogo. Watu wa metali hubishana juu yake hadi kununiana: ipi ni ya Japani, ipi ni kongwe zaidi, iwekwe kabla ya kisanduku cha mngurumo au baada. Tinga aliwahi kuwasikiliza, akagundua kwamba wote hununua kwa macho. Wakiona rangi imechubuka na skrubu zimeshika kutu, tayari wanasikia sauti tamu.

"Iko moja, wallahi," akasema. "Ilishuka na baharia wa Kijapani zama zile. Sikuwa na nia ya kuiuza, lakini njoo kesho uionje."

Alichokuwa nacho ni ganda tupu la bati. Alilijaza saruji lipate uzito, akalichubua kwa msasa, akalilaza kwenye maji ya chumvi. Ikabaki sauti. Kwa ajili ya sauti alivuka feri hadi Timbwani, kwa Mama Mbeyu, kiongozi wa kwaya, ambaye alipaka rangi ya zambarau kila mali ya kanisa, viti na sufuria zikiwemo, ili isihamehame. Kwaya hiyo ilikuwa na korasi kongwe ya kweli, iliyoachwa na mmisionari, nayo ilikuwa zambarau tupu. Tinga aliichagua Timbwani makusudi. Ni mpiga metali gani wa Kiembeni angevuka maji kwenda kanisani?

"Shikamoo, mama. Nasikia sanduku lenu linakwaruza. Nipeni nikalisafishe bure, kwa ajili ya Bwana."

"Marahaba, mwanangu. Basi kwa ajili ya Bwana utaniachia pikipiki yako. Sanduku lirudi kwa mkono wako, nawe uchukue chako."

Ilimuuma. Pikipiki ndiyo iliyokuwa ikimwondoa mtaani kabla wateja hawajafika nyumbani na kufungua walichonunua. Bila hiyo angekuwa mfanyabiashara wa kawaida, wa kukutwa dukani. Hata hivyo aliiacha.

Kesho yake aliweka ganda la saruji sakafuni, akapitisha waya ndani yake hadi nyuma ya pazia, ambako korasi ya kanisa ilifanya kazi yote. Fidel akapiga kodi moja, nyuzi zote kwa pamoja. Sauti ikayumba, pana na ya baridi, na kila ilipozunguka ikatoa mlio mdogo: kwi. Fidel akainamisha kichwa, akapiga tena.

"Huo mlio ni wa nini?"

"Huo ndio uzee wenyewe, bwana wangu. Sauti ya zamani hukaa hata ndani ya waya. Ukibadilisha waya, umeiua."

"Buda, hii imeweza. Pesa sina, lakini niko na spika kubwa ya gitaa. Tubadilishane."

Aliileta jioni ile ile, imebandikwa mafuvu kila upande. Tinga alipoijaribu, vioo vya kinyozi jirani vilitetemeka. Akaona makanisa yote ya pwani yakipanga foleni kuikodi.

"Na nyongeza yangu?" Fidel akauliza. Kwetu mtu hanunui hata nyanya bila nyongeza, na muuzaji anayeikataa amejiaibisha. "Ulisema sauti iko hadi kwa waya. Nipe waya wote vile uko, bila kuchomoa."

Kabla hajajibiwa alikuwa ameshaanza kuuvuta. Waya ukatambaa kutoka nyuma ya pazia, na mwishoni mwake kikafuata kisanduku cha zambarau.

"Hicho ni cha kutuliza umeme tu," Tinga akasema haraka.

"Si sauti imepita hapo pia? Nabeba nacho. Ama nirudi na spika yangu?"

Tinga aliitazama spika. Akaamua kwamba Mama Mbeyu angeazimwa hiyo spika kwa ibada ya mavuno, angefurahi, na pikipiki ingerudi. "Chukua," akasema kwa ukarimu, akamdharau mpumbavu yule mpaka alipopotea kwenye kona.

Jumapili alivuka feri akisukuma spika kwa mkokoteni. Alipofika uwanja wa kanisa akaisikia korasi, pana na ya baridi, na kila ilipozunguka: kwi.

Fidel alikuwa amevaa joho la kwaya, kando ya Purity, binti wa Mama Mbeyu. Kwa ajili ya Purity alikuwa akivuka feri kila Jumapili, na kwi ile alikuwa akiikanyaga kila Jumapili. Mguuni pake palikuwa na kisanduku cha zambarau.

"Shikamoo, mama," Tinga akasema. "Nimewaletea spika ya mavuno."

"Marahaba. Umefanya vyema kuirudisha." Mama Mbeyu akabandua fuvu moja ubavuni mwa spika, na chini yake ikatokea zambarau. "Fidel aliiazima kwetu, akasema wewe ndiye utakayeileta." Wala hakukitazama kisanduku mguuni pa Fidel. "Haya, sanduku letu liko wapi?"

Kusema "lile pale" kulikuwa ni kueleza lilivyofika pale, mbele ya kwaya nzima na mchungaji aliyesimama mlangoni. Mdomo uliowahi kumuuzia kiziwi redio ukashika uongo wa karibu.

"Bado nalisafisha, mama."

"Si neno. Litakaporudi kwa mkono wako, chako kipo."

Fidel akachomoa ganda la saruji chini ya kiti, akamkabidhi. "Nyongeza yako, buda."

Tinga alilipokea, akageuka kuitafuta pikipiki yake. Ilikuwa imeegeshwa pamoja na viti vya kanisa, zambarau kuanzia taa hadi kibati cha namba, na rangi ilikuwa bado mbichi.