Nilivyotetea amani ya nchi kwa mdomo wa baba mkwe

Nina aibu ambayo siwezi kuibeba peke yangu, kwa hiyo nawagawia. Leo nimempiga baba mkwe mdomoni. Mbele ya familia nzima. Nikiwa natetea amani.

Tulikuwa Kwihara kwa wazazi wa mke wangu, baada ya misa. Shemeji yangu Paskalina, mdogo wake mke wangu, yuko likizo kutoka Uswidi, ambako ni muuguzi. Tukiwa tunasubiri kuku aive, nikaanza mwenyewe. (Hakuna aliyeniuliza.) Nilikuwa nimeona kwenye simu jedwali la nchi na kesi za watu kushambuliwa. Uswidi ilikuwa imetupita mbali sana.

"Shemeji," nikamwambia, "rudi nyumbani kabla hawajakuua. Huko mnapigana kuliko sisi."

Akatabasamu. "Kule mtu akisukumwa tu anaenda polisi, na polisi wanaandika. Akipigwa mara kumi, wanaandika mara kumi. Hapa wangapi wanaandikisha?"

Nikapandwa na hasira. Yaani mtu anakuja kula ugali wetu halafu anatuita waongo. Nikamwambia hapa Unyamwezini misafara imepita miaka na miaka, wenye pembe za ndovu na wenye bunduki, na wote walipewa maji wakaondoka salama. (Historia si somo langu. Mimi nafundisha uraia.)

"Hilo jedwali lako linahesabu karatasi, shemeji," akasema. "Halihesabu ngumi."

Hapo nikasimama. Mtu mzima, nimesimama uani nawahutubia watu sita na sufuria. "Nionyesheni," nikasema, "nani kwenye boma hili amewahi kumpiga mtu?" Na ili swali lieleweke, nikaurusha mkono nyuma kwa nguvu zote.

Nyuma alikuwa baba mkwe, anatoka ndani na sahani ya matobolwa, vile viazi vikavu anavyopenda kuniletea. Mkono ukampata mdomoni. Matobolwa yakamwagika. Yakafuata meno yake ya bandia, ya juu yote, yakatua kwenye majivu ya jiko.

Nikapiga magoti. "Baba, nisamehe. Shikamoo baba." (Sijui kwa nini nilimwamkia. Tulishaamkiana asubuhi.)

"Mahaba," akaitikia. (Bila meno, ile "ra" haitoki.)

Paskalina alikuwa ameshashika simu. "Mdomo unatoka damu na mashahidi tupo. Twende kituoni tukaandikishe." Uso wake haukuonyesha kama anatania.

"Kituoni?" nikasema. "Shemeji, haya ni mambo ya nyumbani. Tutayamaliza wenyewe."

Nikakisikia nilichokisema. Na wao walinisikia. Shangazi mmoja akacheka mpaka akakaa chini.

Mke wangu hakucheka. "Kama mlivyoyamaliza ya Mama Kulwa," akasema.

Mama Kulwa ni jirani yetu. Mwaka jana mumewe alimvunja mkono. Tulikaa wanaume watano, mimi katibu, tukaamua mume atoe mbuzi. Polisi hakwenda mtu. Mbuzi tulimla sisi. Mimi nilipewa paja.



Baba mkwe akaosha meno yake, akayarudisha, kisha akatoa hukumu. Jumapili ijayo nimletee jogoo. Na kesho nimpeleke Mama Kulwa kwa Paskalina autazame ule mkono, maana haujanyooka hadi leo. Mama Kulwa akitaka kwenda dawati la jinsia pale polisi, mimi ndiye shahidi.

"Wewe si ulikuwa katibu?" akaniuliza.

Nitakwenda. Lakini bado nina hasira na shemeji, na jedwali, na yeyote aliyemfundisha mzee kutembea bila kutoa sauti. Mkicheka, chekeni kimyakimya. Mke wangu yumo humu kwenye kundi.