Pua ya Mama Mkwe

Jumatatu, 9 Juni 2025, Matongo
Vumbi limeanza, kijiji kizima kinapiga chafya. Nelson wa dukani anauza vidonge vya mitishamba vya kulinda sainasi, kopo lina picha ya pua, na watu wanagombania. Hata mke wangu Teresia kanunua! Nimetwanga yangu: tangawizi, majani ya mkaratusi, kitunguu saumu, pilipili kichaa saba. Ya kujifukiza. Mama mkwe pua imeziba tangu Pasaka. Nikimponya yeye, nani atamtaka Nelson?

Jumanne, 10 Juni
Kopo la dawa yangu limekwenda Genkuru, kwa mama mkwe, kwa bodaboda. Maelezo yamenitesa asubuhi nzima. Kwa mila yetu mama mkwe simsogelei, usoni simtazami. Leo nimwandikie habari za pua yake? Aibu hiyo siiwezi. Nikaandika: kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni. Basi. Adabu kamili.

Jumatano, 11 Juni
Teresia kauliza kama niliandika kwamba haimezwi. Nikashika ufagio, nikaanza kufagia vumbi mlangoni. Akasema mama yake akidhurika, nitakwenda mwenyewe kuwaeleza wazee wa ukoo wao, na yeye atarudi kwao abaki hukohuko. Simu ya mama mkwe haipatikani. Pilipili saba, jamani. Ugali wangu nimewapa kuku.

Alhamisi, 12 Juni
Nimekwenda Genkuru. Kuingia uani kwake siwezi, nikajibanza kwenye migomba nisikilize kama kuna kilio. Saa nne akatokea mwenyewe, mzima, anaimba. Nilitaka kulia kwa furaha. Akaniona. Nikatimua mbio kama mwizi, naye akakimbilia ndani, maana heshima ni ya pande zote. Ndala moja imebaki kule.

Ijumaa, 13 Juni
Afadhali! Mama mkwe kampigia Teresia. Hakumeza hata chembe. Hakuona pameandikwa ni ya nini, akadhani mkwe kamkumbuka kwa dawa ya fukusi, akainyunyiza kwenye mahindi ghalani, kijiko asubuhi, kijiko jioni. Fukusi wamehama. Ananishukuru mno. Pua bado imeziba, kaagiza kopo la Nelson. Sijali. Teresia haendi popote, nami nimekula ugali wa watu wawili.

Jumamosi, 14 Juni
Teresia kaninong'oneza kwamba baba mkwe naye anasumbuliwa na bawasiri, hata kukaa hawezi. Nimeshaanza kutwanga. Hii itakuwa ya kupaka. Maelezo siandiki kabisa, mzee yule anataka heshima.