Malalamiko Kuhusu Ushauri wa Kumwambia Mtoto Ukweli

Manasseh Nyakundi,
Nyacheki.

Kwa Bi. Gladys Angwenyi,
Mshauri wa Wazazi, Wodi ya Watoto Wenye Saratani,
Kisii.

Kwako Bi. Gladys, kwa heshima zote,

KUH: OMBI LA KUUONDOA USHAURI WAKO NYUMBANI KWANGU

Natumai barua hii itakukuta ukiwa na nafasi ya kuketi, maana ni ndefu. Mimi ni baba yake Kwamboka, yule msichana wa miaka tisa anayelala kitanda cha dirishani siku za dawa, mwenye saratani ya damu. Katika kikao cha wazazi mwezi uliopita nilikaa karibu na mlango, na kofia sikuvua. Nilikuja kwa sababu mke wangu Edinah alisema nisipokuja nitajipikia mwenyewe hadi Krismasi. Siku hiyo ulituambia, "Mwambieni mtoto ukweli kwa maneno anayoyaelewa. Anajua zaidi ya mnavyodhani." Wazazi wengine waliandika tu kwenye madaftari yao. Mimi, kwa bahati mbaya, nilitii.

Naomba nikueleze madhara niliyoyapata.

1. Umeniharibia kazi ya miezi miwili. Tangu ugonjwa ujulikane nilikuwa nimemwambia mtoto kwamba tunakwenda Kisii kununua viatu. Sasa ana jozi tatu, na mguu wake haujakua. Tukifika mlango wa wodi nilikuwa namfunika kichwa kwa koti langu nikisema kuna upepo, ili asisome kibao. Baada ya kikao chako nilimketisha jikoni, nikafuta jasho, nikasema, "Mama, ugonjwa wako unaitwa saratani." Hakuacha hata kumenya ndizi. Akasema, "Najua, Baba. Imeandikwa kwenye kadi yangu. Nilidhani wewe ndiye hujaambiwa, ndiyo maana nikanyamaza, usije ukaogopa."

Nilitoka nje nikaenda kumwangalia ng'ombe, ambaye hakuwa na shida yoyote.

2. Ukweli haukuishia hapo. Ulisema tumweleze pia kwamba hakuna kosa alilofanya hata akaugua. Niliona ni kupoteza maneno, lakini nikasema. Mtoto akaweka kisu chini. Akaniuliza, "Hata kama nilimwombea Nyasani augue?" Nyasani ni binamu yake. Waligombania kamba ya kuruka, Kwamboka akamwambia Mungu amletee Nyasani ugonjwa, na wiki mbili baadaye yeye mwenyewe akaanza kutoka damu puani. Miezi yote hiyo aliamini Mungu alikosea nyumba, au hakukosea, alimwadhibu yeye. Nilimwambia saratani haiji kwa maneno ya mtu, na Mungu hachukui maagizo ya watoto waliogombania kamba. Tangu siku hiyo analala vizuri, anakula vizuri, na kwa nguvu alizopata anatusumbua sisi sote.

3. Wageni. Hapa kwetu mgonjwa hutembelewa, na mgeni hupewa chai na kusikia kwamba mambo si mabaya. Mzee wa kanisa letu, Mzee Machogu, alikuja akamwambia mtoto, "Naona umenenepa, Bwana ni mwema." Kwamboka akamjibu, "Bwana ni mwema, lakini sijanenepa. Ni dawa inavimbisha uso. Umeosha mikono?" Mzee akasema ameosha. Akaulizwa kama ni kwa sabuni. Bi. Gladys, nilishuhudia mtu aliyebatiza nusu ya ukoo wangu akiinuka na kwenda kwenye karai, huku mtoto akimweleza kwamba askari wa damu yake ni wachache wiki hii na hawawezi kupigana na kila mtu.

Kama hiyo haitoshi, alimgeukia jirani yetu Bathsheba mbele ya wageni wote. "Mama, mbona watoto wako hawaji kucheza siku hizi? Hii haiambukizi." Chai ilipoa vikombeni. Bathsheba alisema kwa sauti ndogo kwamba hakujua. Watoto wake sasa wanakuja kila jioni, wanne, mikono imeoshwa, na ndizi zangu za kuiva zimekwisha.

4. Hili nalisema kwa aibu, nawe ndiwe uliyelileta. Mama yangu, Mong'ina, alipata dawa ya mizizi kwa mtu mmoja anayesifiwa sana. Nilikuwa nimemnywesha mtoto vijiko vitatu kwa siri, nikisema ni ya kikohozi. Katika ziara iliyofuata daktari aliuliza kama kuna dawa nyingine anayotumia. Nikasema hakuna. Kwamboka akasema, "Baba, si tulikubaliana ukweli?" Kisha akamwambia daktari, "Iko kwenye mfuko wa koti. Upande wa kushoto."

Daktari hakunifokea, na afadhali angenifokea. Aliinusa ile chupa, akanieleza taratibu kwamba ini la mtoto tayari lina kazi kubwa ya kuchuja dawa za hospitali, na kwamba vipimo vyake vya ini vilikuwa vimepanda, nao walikuwa wakishangaa kwa nini. Wiki iliyofuata vilishuka. Sisemi daktari alikosea. Nasema tu kwamba baba anastahili kuulizwa mambo kama hayo mtoto akiwa nje.

5. Hili la tano ndilo lililonifanya nishike kalamu. Jumatano tulikuwa shambani tukichuma majani chai. Kwamboka hachumi, anakaa juu ya kikapu kilichopinduliwa na kutuonyesha majani tuliyoyaruka. Nikasikia, "Baba, nitakufa?"

Hukutupa jibu la hilo, Bi. Gladys. Nilikumbuka kikao chote, mpaka rangi ya viti. Nikasema, "Sijui, mama. Daktari anasema dawa inafanya kazi, na watoto wengi wa ugonjwa kama wako hupona. Lakini mimi sijui. Ninachojua ni kwamba popote watakapokupeleka, nitakuwa hapo."

Akauliza, "Wewe unaogopa?"

Nikasema ndiyo.

"Sana?"

"Sana."

Akasema, "Mimi kidogo," akasogea kwenye kikapu ili nipate mahali pa kukaa. Nina miaka arobaini na minne. Nililia hadharani, katika shamba langu mwenyewe la chai, mbele ya mke wangu na wanawake wawili wa kuchuma. Edinah alikuja akakaa upande wa pili na kikapu kikavunjika. Karani wa kituo cha kununulia majani akayarudisha majani yangu siku hiyo akisema yamelowa, na mvua haikuwa imenyesha.

Kwa sababu hizo naomba mambo matatu. Kwanza, uufute ushauri wako. Pili, uniandikie barua yenye muhuri inayoniruhusu kudanganya walau Jumanne na Ijumaa, nipumzike. Tatu, uliondoe jina langu katika kikundi cha wazazi, kwani Edinah anatosha, na mimi si mtu wa vikao.

Nisalimie manesi wote, hasa Sista Marion anayeupata mshipa wa sindano kwa jaribio la kwanza. Nisalimie mama yule wa Marani na mwanawe Ronny, mpishi wa uji, na bawabu. Edinah anakusalimu. Kwamboka anakusalimu pia na anauliza ni lini utakuja Nyacheki, ukumbuke kuosha mikono.

Ni mimi niliyekutii,

Manasseh Nyakundi

N.B. Alhamisi hii niwekee viti viwili kikaoni. Nimekutana kwenye ngazi za wodi na dereva mmoja wa lori kutoka Keroka, anaitwa Nyangate. Mwanawe amelazwa, leo ni siku ya sita, na yeye hajaweza kuingia ndani, anasimama tu hapo ameshika chupa ya maziwa. Nimemwambia nitamleta kwako. Atasema hana shida yoyote, amekuja kunisindikiza tu. Tafadhali mwache aseme hivyo hata mara tatu, umpe chai, mimi nitakaa naye.