Chelel Amepotea Tena

Ujumbe uliingia kwa simu zote kwa mpigo mmoja, watu wakiwa ndio wanavunja chapati kwa Mama Phyllis, pale Litein: "Mkulima mpendwa, stima ilipotea, kontena ikaanguka. Umeandikisha ng'ombe 0."

Mzee Kimotho aliruka, akakodolea macho ng'ambo ya barabara. Yeye huuza misumari na mabati ndani ya kontena la bluu, na Litein nzima humwita Kontena.

"Woi! Imeanguka wapi? Si naiona imesimama?"

"Keti, mzee, si yako," Esnah akasema, akitamani ardhi immeze. "Ni ya kompyuta."

Kompyuta zenyewe ni tatu, zinasaidiana kazi ofisini kwa chama cha wafugaji, na fundi wake ni huyu Esnah. Ng'ombe wa nani, amepandishwa lini, atazaa lini, yote yamo. Ama yalikuwamo, maana wiki hii yamefutika mara tatu. Mwenyekiti amekata neno: wakulima wanakuja saa nane, na wakikuta sifuri tena, chama kinarudia kitabu cheusi, Esnah anarudi kwao Keroka. Na sasa ni saa sita.

"Tunia imeisha!" akanguruma Kiplangat, mtunza stoo wa chama. Wanamwita Spika kwa sababu husema bila kupewa nafasi. Kinywani mwake d na t hulala zizi moja, na hajawahi kuona haja ya kuzitenganisha. "Chelel wangu ana mimba ya miezi saba, tumbo naiona na macho yangu, na simu inasema sina ng'ombe! Sasa atazaa nini, upepo?"

"Atazaa sifuri," Kontena akasema. "Na umkamue sifuri asubuhi, sifuri jioni. Lakini Esnah, hizo lekodi huwa zinaenda wapi?"

"Lekodi!" Mama Phyllis akacheka mpaka chapati ikaungua. "Na huyo ndiye anacheka wengine!"

Esnah akainua kikombe chake. "Angalieni. Kontena ni kama hiki kikombe. Stima ikipotea, kinamwagwa, kinaletwa kingine safi. Kile uliacha ndani kimeenda na maji. Ndiyo maana vitu vya maana unaweka kando, kwa mtungi. Vikombe vibadilike hata mia, mtungi uko."

"Na mtungi hukuweka, mama?" Kontena akauliza.

"Mtungi uko! Fundi Mathew aliuweka kabla ahamie Kericho, akaupa jina. Lakini programu haipewi hivi hivi, lazima iombe kwa jina. Nikaandika ombi Jumatatu. Mpaka leo liko pending, linangoja tu. Nikaipa programu kibakuli cha muda ijishikilie, na kibakuli nacho kinaoshwa kila stima ikipotea."

"Siku nne pending?" Kontena akashika kichwa. "Hata wakwe zangu hujibu haraka."

"Na si eti hakusaitiwa!" Spika akatanua kifua. "Jumatatu alikuwa Chebunyo akiandikisha ng'ombe. Ni mimi nilimsomea hiyo jina kwa simu, kutoka kwa karatasi Mathew alibandika kwa mashine. Mara tatu! Tebe, tebe, tebe!"

Kikombe cha Esnah kikasimama njiani kwenda mdomoni.

"Mzee, hebu rudia."

"Tebe."

"Tebe gani?"

"Tebe! Ile ya kupima mahindi! Kwani kuna ingine?"

"Debe!" Esnah akapiga kelele. "Mungu wangu, ni debe! Mimi nilidhani ni neno la Kikipsigis chenu, nikaandika kwa t!"

Benchi likaangua kicheko. Spika akawatazama mmoja mmoja. "Si ndiyo hiyo nimesema?"

Esnah alishavuta laptopu kutoka kwa mkoba, akafuta lile ombi, akaandika lingine kwa d, akahamisha programu kutoka kwa kibakuli. Pending ikatoweka. Akaandika jina moja tu, Chelel, akavuta pumzi.

"Sasa naua kontena."

"Mskizeni!" Kimotho akakumbatia kikombe. "Nimemkosea nini?"

Dakika ikapita, ndefu kama mahubiri. Kontena mpya ikaamka, na Chelel alikuwa pale pale. Esnah akafuta machozi kwa leso ya chapati, hakujali.

"Haya mzee, tujaze yaliyobaki kabla ya saa nane. Alipandishwa na ndume gani?"

"Tominik."

Esnah akainua vidole kutoka kwa laptopu. "La, mzee wangu. Safari hii nionyeshe karatasi."

Spika akachomoa kadi ya daktari wa mifugo kutoka mfuko wa koti, akaiweka mezani taratibu. Wakainama wote kusoma. Ilikuwa imeandikwa kwa kalamu, herufi kubwa kubwa: TOMINIK.

"Taktari," Spika akasema, akirudia chai yake, "ni wa kwetu."