Umeokolewa?

Jumatatu, 15 Julai 1996

Leo nafungua daftari hili na naahidi kueleza kila kitu, hata yale yatakayoniaibisha. Sidhani yatakuwa mengi.

Jina langu Ikhlas, kidato cha tatu, katibu wa Chama cha Wapanda Milima katika shule yetu hapa Ruiru. Mwezi ujao tunapanda Mlima Kenya, wasichana kumi na wawili. Leo amekuja Bwana Bedan, wakala wa bima kutoka Thika. Amesema mtu akiugua kule juu, mwalimu anapiga redio na helikopta inamfuata. Lakini lazima jina lake liwe kwenye orodha. Hilo amelisema mara tatu. Mimi nimeliandika mara moja, maana mwandiko wangu unasomeka.

Mwalimu Waweru ametugawia fomu. Sita nijaze mimi, sita azijaze Magdalene, mwenyekiti wetu. Atakayemaliza kwanza atakuwa naibu wa kiongozi mlimani na kuvaa filimbi shingoni. Magdalene amenitazama viatu, kisha uso. "Pole mapema, Katibu." Tutaona!

Jumatano, 17 Julai

Balaa. Fomu ni za Kiingereza, na swali la tisa lina mistari minne: kama mwombaji anataka huduma ya kuokolewa kutoka milimani, ama anayo tayari kupitia bima nyingine, na kadhalika, na kadhalika. Magdalene anamsomea kila mtu mistari yote, polepole, kama taarifa ya habari. Hata hivyo amemaliza tatu. Mimi moja, tena ni yangu mwenyewe.

Nimepata mbinu! Mwalimu wetu wa Kiswahili husema maneno yakizidi maana hupungua. Basi mistari minne nimeipunguza ikawa neno moja: Umeokolewa? Anayesema bado, namwombea huduma. Anayesema ndiyo, naandika "anayo tayari". Sijui kwa nini kampuni haikufikiria hili.

Alhamisi, 18 Julai

Zote sita zimekwisha, kwenye foleni ya uji! Wanne walicheka sana wakasema bado, bado kabisa. Sikuona cha kuchekesha, ila macho yangu yalikuwa kwa Magdalene aliyekuwa akisoma mstari wa tatu.

Wa mwisho alikuwa Ndinda, rafiki yangu tunayekaa naye dawati moja. Yeye hakucheka. Aliweka kikombe chini, machozi yakamlengalenga. "Tangu kidato cha kwanza, Ikhlas. Asante kwa kuniuliza. Sikujua unajali." Nikampa hongera. Akanishika mkono mpaka uji ukapoa.

Nikawaza, hiyo ndiyo familia inayojipanga. Bima tangu kidato cha kwanza! Nikaandika: anayo tayari.

Filimbi ni yangu. Magdalene sasa ananiita Mama Bima. Wivu.

Jumamosi, 10 Agosti, kambi ya chini

Naandika nikiwa na glavu. Niliahidi kueleza kila kitu.

Kichwa kilianza kumwuma Ndinda jana. Leo asubuhi, kule kambi ya juu, alitapika, miguu ikakataa, akaanza kuniita kwa jina la dada yake. Mwalimu Waweru akapiga redio. Mimi nikapuliza filimbi. Sijui nilikuwa namwita nani.

Sauti ya redioni ikasoma orodha yetu. Majina kumi na moja. Ikasema fomu ya Ndinda imeandikwa kwamba huduma anayo tayari, basi itajwe kampuni yake ili iitwe haraka. Mwalimu akanigeukia. Nami nikamwinamia Ndinda kwenye machela na kumwuliza, kwa upole, ni kampuni gani iliyomwokoa.

Akafumbua macho. "Yesu," akasema.

Hakuna aliyecheka. Mwalimu alinitazama kama anayesoma maandishi madogo. Sauti ya redioni ikaomba namba ya bima.

Walisema wataulizia ofisini. Mawingu hayakungoja ofisi. Wapagazi wamemteremsha kwa mikono, kwa muda wa saa saba, kwenye mvua ya barafu. Magdalene alishika pembe moja ya machela njia nzima. Hakusema pole mapema, hakuniita Mama Bima. Afadhali angeniita. Mimi nilibeba viatu vya Ndinda. Kila machela ilipoyumba aliniuliza kama helikopta inakaribia, na mimi nikamjibu ndiyo.

Jumatatu, 12 Agosti, Thika

Hospitali imemruhusu Ndinda. Daktari amesema atapona vizuri. Alhamdulillahi.

Nimekwenda kwao, mtaa wa Kiganjo. Mama Ndinda amenipa chai, amenikalisha kiti kizuri. Nikamwomba radhi kwa ajili ya helikopta. Akasema, mwanangu, ya helikopta yamekwisha, wako watu wanaoshuka mlima maisha yao yote bila helikopta. Mtoto hakulia kwa ajili ya hiyo. Alilia alipojua kwamba lile swali lilikuwa la fomu. "Tangu siku ile alikuwa akikuombea, jina lako kwanza, kabla ya langu. Hakuna rafiki aliyewahi kumwuliza jambo hilo, Ikhlas. Na wewe ulikuwa unakimbilia filimbi."

Ndinda alikuwa chumba cha ndani. Nikazungumza na mlango. Nikasema yote niliyoyaandika hapa. Mlango haukufunguliwa. Chai ikanishinda.

Jumatano, 14 Agosti

Siku mbili nimetafuta kosa liko wapi. Nimeliona! Kosa liko kwenye swali la tisa. Jina la Ndinda likiingia kwenye orodha, hata sasa, ataona kwamba nilimjali kweli. Nilibaki na fomu moja tupu. Nimeijaza yote kwa niaba yake, na tarehe nimeandika 18 Julai, ili kuokoa muda. Hii ndiyo nakala ya barua ninayoipeleka posta leo:

"Kwa Bwana Bedan. Salamu nyingi na heshima. Fomu mpya ya Ndinda ninayo hapa, na safari hii swali la tisa limejibiwa sawasawa. Limebaki jambo moja, na naomba unijibu mara tu upatapo barua hii: pale chini panapotakiwa sahihi yake, niweke mimi, au ni lazima nimwulize kwanza?"