Rosti ya Meneja

Jumatatu, 3 Juni
Nimebwekewa tena! Baba wa mpenzi wangu alisimama mlangoni akitazama, wala hakumkemea mbwa. Mbwa mwenyewe anaitwa Meneja, na mzee hafichi: mtu akikataliwa na Meneja, naye hamtaki. Na Jumapili napeleka posa! Fundi saa, anayemtaka binti huyohuyo, alipita nyuma yangu. Akapokewa kwa mkia. Roho iliniuma.

Alhamisi, 6 Juni
Mkono mtupu haulambwi. Ndiyo dawa! Nimepika rosti mwenyewe: vitunguu maji tele, vitunguu saumu, chumvi ya kukolea. Nikapenyeza bakuli chini ya geti. Meneja akala, akalamba bakuli, akalamba na vidole vyangu. Mkwe ndiye mimi!

Ijumaa, 7 Juni
Balaa. Meneja anatapika, hawezi kusimama. Mpenzi wangu analia. Mzee amekaa sakafuni, kichwa cha mbwa mapajani. Fundi saa akashauri anyweshwe maji ya chumvi atapike yote. Kwa mara ya kwanza nikamuunga mkono. Daktari wa mifugo, aliyeitwa na mzee, alipofika akatufokea wote wawili: chumvi hiyo ingemmaliza! Akauliza mbwa kala nini. Akasema asipojua, atatibu kwa kubahatisha. Nikamtazama mzee, nikaona aibu. Nikasema rosti. Kiasi gani? Bakuli zima, jana. Fundi saa akacheka kichinichini, mshenzi yule.

Daktari akasema kitunguu, kiwe kibichi, kimepikwa au kimesagwa, huharibu damu ya mbwa, na madhara huweza kuchelewa siku kadhaa. Mbwa akila chakula cha viungo apelekwe kwa daktari papo hapo, asisubiriwe augue. Akaondoka naye.

Jumapili, 9 Juni
Meneja karudi! Anakula nyama ya kuchemsha, bila hata chumvi. Mzee akasema posa isubiri, ila kwa kuwa nilisema kweli, hajanifungia geti. Meneja akanibwekea kwa sauti dhaifu. Nilifurahi kumsikia, wallahi.

Jumatatu, 10 Juni
Fundi saa ameonekana akimchana Meneja manyoya. Ataniwahi! Nimenunua soseji, ile nono yenye viungo. Sirudii kosa: nimeigeuza pande zote, nikaikata katikati, nikachungulia. Sijaona kitunguu hata kimoja. Naenda.