Zamu ya Kukaripiwa

Watumishi wote wanatangaziwa kwamba, kufuatia malalamiko kuwa Mkurugenzi anawagombeza baadhi kuliko wengine, ofisi sasa imeleta haki: kila mtumishi, bila kujali cheo, atakaripiwa dakika kumi kwa wiki, akiwa amesimama, kisha atatia sahihi.

Tangazo lilibandikwa ukutani juu ya birika. Daftari la zamu akakabidhiwa mpika chai, maana ndiye pekee asiyemjibu mtu.

Mambo yakanyooka. Mhasibu alikaripiwa Jumatatu, saa tatu kamili, kwa kosa la kupumua kwa nguvu. Dereva hakuwa na kosa, akakaripiwa kwa la wiki ijayo. Kwenye fomu ya kuridhika na kazi, wote waliweka alama ya vema penye "Nimeridhika sana". Visanduku vingine Mkurugenzi alishaviziba kwa gundi.

Mpika chai alikuwa na shida moja tu. Mama yake angepasuliwa jicho Ijumaa, na hakuwa na mwingine wa kumshika mkono.

"Ijumaa ni zamu yako," Mkurugenzi alimwambia.

"Nikaripie leo basi, bosi, tumalizane."

"Leo! Hasira ya Ijumaa niitoe wapi leo? Usinichezee, we dada! Toka!"

"Na hii niiandike?"

"Hii ni ya bure!"

Akaiandika. Aliziandika zote, za zamu na za bure, kwa mwandiko wake wa darasa la saba.

Alhamisi akaja mkaguzi kutoka makao makuu, mama wa makamo mwenye miwani. Alilisifu daftari mpaka Mkurugenzi akafungua kifungo cha koti. Kisha akauliza, "Mbona wewe jina lako halimo humu?"

"Mimi?"

"'Bila kujali cheo.' Si umeandika mwenyewe? Wiki kumi na nne hujakaripiwa hata mara moja. Wenzako wanaonewa." Akafunua kurasa. "Huyu mpika chai, kwa hizi za bure, amemaliza zamu za mwaka mzima. Kesho hana zamu, aende kwa mama yake. Ila leo akukaripie, maana kwa uzoefu hakuna wa kumfikia. Dakika mia moja na arobaini."

Ofisi nzima ikasogea mlangoni. Mpika chai akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka mezani.

"Dada yangu," Mkurugenzi akasema kwa upole, "mgongo wangu huu… si naweza kukaa?"

Mpika chai akalitazama tangazo kwa makini, mstari kwa mstari.

"Imeandikwa usimame, bosi. Na aliyeandika hana mchezo."